Muhogo "kinzani" unaoza ndani msimu wa tatu: ni mbegu, ni virusi au ni jina?

#1 Fukua_Kwanza
Wakuu, habari zenu.

Kuna shamba la ekari moja Mkuranga. Pingili zililetwa kama mbegu kinzani dhidi ya michirizi ya kahawia, ule ugonjwa wa virusi unaoozesha mizizi ya muhogo. Msimu wa kwanza mizizi ilitoka myeupe, safi. Msimu wa pili pingili zikakatwa humohumo, wa tatu vilevile. Wiki hii yamefukuliwa mashina 40 ya mstari wa katikati yakiwa na miezi 12, na 17 kati yake yana mabaka ndani. Juu huwezi kujua kitu: majani ya kileleni kijani kibichi, batobato (ule ugonjwa mwingine wa virusi, wa mabaka kwenye majani) hakuna. Mzizi kwa nje ni mzuri kabisa. Ukipitisha kisu katikati ndipo unakutana na baka la manjano linaloelekea kahawia, kavu, gumu kama kizibo cha chupa. Kisu kinakwaruza badala ya kuteleza. Halinuki.

Dai langu: aina hii haikuwa kinzani tangu siku ya kwanza, na waliotangaza waliwahi mno kutangaza. Mwenye maelezo mengine aweke hapa.

#2 Bi_Naliendele
Umefanya vizuri kutaja kwamba halinuki, umeondoa nusu ya ubishi. Kuoza kwa maji kutuama au kwa fangasi huleta ulaini na harufu, na mara nyingi huanzia ganda la nje kuingia ndani. Hili lako limeanzia ndani ya wanga. Hii ni michirizi.

Ila kwenye neno "kinzani" ndipo tunapotofautiana. Kuna mambo matatu yanayochanganywa. Kinga: virusi haviwezi kuzaliana ndani ya mmea. Ukinzani: vinaingia, vinazaliana kidogo, haviendi mbali. Uvumilivu: vinajaa lakini mizizi inachelewa kuharibika. Aina ya muhogo iitwayo Kiroba ni ya kundi hilo la tatu. Utakuta dalili kwenye majani ya chini na bado unavuna chakula ukiwahi. Mkulima akiambiwa "kinzani" wakati mtafiti alimaanisha "vumilivu", ataacha muhogo ardhini miezi 18 kama akiba, na hapo ndipo unapomharibikia.

Tuambie aina yenyewe ni ipi.

#3 Fukua_Kwanza
Waliambiwa ni Kipusa. "Waliambiwa", dada.

#4 PCR_Usiku
Kabla ya kulaumu aina, tujue ni virusi gani. Wengi wanasema "kirusi cha michirizi" kama vile ni kimoja. Ni viwili, CBSV na UCBSV, vyote vya jenasi Ipomovirus, vyenye RNA, yaani vinasaba vya kirusi, ya uzi mmoja yenye herufi kama elfu tisa. CBSV ni kikali zaidi na kinabadilika haraka kuliko mwenzake. Aina iliyochujwa mahali penye UCBSV nyingi inaweza kuonekana shujaa, ukaipeleka pwani penye CBSV ikaanguka. Hapo aliyetangaza hakudanganya. Alipima mbele ya adui mwingine.

Ugonjwa wenyewe ni mpya kiasi, uliibuka Uganda 2004, kwa hiyo uzalishaji wa mbegu bado unaukimbiza.

#5 Mzee_wa_Amani
Mkuu #4, kwenye virusi sina ugomvi na wewe, kwenye tarehe nakukatalia. Mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Nichols akaueleza kwa kina 1950. Kilichotokea Uganda 2004 ni kuonekana kwake kwa wingi juu ya mita 1,000, wakati miaka yote ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa.

Uzalishaji nao haukuanza jana. Pale Amani, kuanzia miaka ya 1930, walichanganya muhogo na mpira wa Ceara, Manihot glaziovii, ule mti wenye utomvu, kisha wakarudisha chotara kwa muhogo mara kadhaa ili mizizi irudi kuwa minene na ya kulika. Kazi ile ilifungwa 1957. Kilichobaki mashambani ni kama mabaki ya mezani, lakini ni mabaki ya thamani. Aina ya Namikonga ya kusini ni mtoto wa kazi hiyo.

#6 Kilifi_Shambani
Hamjambo. Namikonga yenu ndiyo Kaleso yetu huku Kenya. Vinasaba vimeonyesha ni kitu kimoja, na rekodi za Amani zinaiita 46106/27. Jina limebadilika kwa kuvuka mpaka tu, mmea ni uleule.

Na hilo ndilo linanifanya nimuulize mwenye uzi: una hakika gani kwamba Kipusa yako ni Kipusa?

#7 PCR_Usiku
Mzee #5, ahsante, nimesahihishwa. Nilichanganya mlipuko na ugunduzi.

#8 Inzi_Mweupe
Mnapita mbali na mdudu. Inzi weupe, Bemisia tabaci, ndio wabebaji. Tofauti na batobato, ambako inzi hubeba kirusi siku nyingi, hivi vya michirizi hudumu kwa inzi muda mfupi sana, siku moja au mbili hivi. Kwa hiyo inzi hawezi kuutoa ugonjwa wilaya moja kuupeleka nyingine. Anautoa kwa jirani. Umbali mrefu unabebwa na pingili kwenye lori.

Fukua, umefukua mstari wa katikati tu. Hapo umejinyima jibu. Nenda kwenye kingo. Kama upande unaopakana na muhogo wa jirani umeoza zaidi na katikati kumepungua, ugonjwa umeingia kwa inzi msimu huu. Kama mashina mabovu yametapakaa bila mpangilio, na bovu limezungukwa na mazima, umeupanda mwenyewe kwa pingili. Hesabu inzi pia: geuza taratibu majani matano ya juu, asubuhi kabla ya jua kali, maana jua likipanda wanaruka kabla hujamaliza jani la pili. Na uangalie miezi mitatu ya mwanzo. Sasa hivi kwenye miezi 12 hesabu ya inzi haikwambii kitu.

#9 Bi_Naliendele
#8 kanena. Naongeza kitu kinachosahaulika kwenye pingili. Mmea wenye ukinzani kidogo haujazwi virusi shina zima. Baadhi ya vipande vinatoka safi na kuota mmea safi, hata kama mama ni mgonjwa. Kaleso inajulikana kwa hilo. Aina dhaifu kama Albert haifanyi hivyo: mama mgonjwa, watoto karibu wote wagonjwa.

Maana yake ni kwamba kwa aina yenye ukinzani wa kweli, misimu mitatu ya pingili za humohumo isingepaswa kuupandisha ugonjwa kwa kasi hii, kwa sababu kila msimu sehemu yake inajisafisha. Ikipanda, ama shinikizo la inzi ni kubwa mno, ama hiyo aina siyo.

#10 Mbegu_Msingi
Hapo sikubaliani na dada. Hata aina nzuri inachoka ukiikata misimu mitatu bila kuchagua mama. Angalia jinsi pingili zinavyochaguliwa: mwezi wa kuvuna mtu anakata shina lolote nene. Shina nene linaweza kuwa la mmea uliooza mizizi, kwa sababu majani hayakwambii kitu. Utaratibu ni huu: pita shambani miezi 3 na miezi 6 baada ya kupanda, angalia majani ya CHINI, siyo ya juu, tafuta njano iliyosambaa kama manyoya ya kuku kandokando ya mishipa midogo. Ng'oa na uondoe shambani. Siku ya kuvuna, fukua kwanza, kata mizizi, ndipo uamue kama shina hilo linastahili kuwa mbegu. Wengi wanafanya kinyume: wanakata mashina leo, wanafukua wiki ijayo.

Na pingili yenyewe iwe sentimita 20 hadi 30, vifundo visivyopungua vitano, kutoka sehemu ya kati ya shina. Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, hekta inakula pingili 10,000. Mmea mmoja unakupa kama kumi kwa mwaka. Ndiyo maana mbegu safi haifiki haraka: muhogo unaongezeka mara kumi kwa mwaka, mahindi punje moja inakupa mamia. Kutoka shamba la mbegu za awali hadi msingi, thibitishwa na zile za daraja la kuazimiwa ubora zinazokaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, ni miaka inayohesabika.

#11 Fukua_Kwanza
#8 na #10, kweli tupu. Mashina yalikatwa kabla ya kufukua, misimu yote miwili. Nimerudi kwenye kingo: upande wa mashariki unaopakana na jirani mashina 20, mabovu 9. Upande wa magharibi, msitu, mashina 20, mabovu 8. Katikati ni 17 kati ya 40. Sioni kingo kuzidi.

#12 Inzi_Mweupe
Basi kwa takwimu hizo inzi wa msimu huu hawana kesi kubwa. Naachia pingili nafasi. Ila msimu wa kwanza au wa pili huenda ndio waliuingiza, na hilo hulioni tena.

#13 Kijana_wa_Simu
Kwa nini msitumie tu Nuru, ile programu ya simu? Unapiga picha ya jani, inakwambia kama ni batobato, michirizi au utitiri wa kijani, na inafanya kazi bila mtandao. Tungekuwa tumemaliza uzi.

#14 Takwimu_na_Kisu
Kijana, Nuru ni kazi nzuri sana na inastahili sifa. Utafiti wa 2020 uliipa usahihi wa asilimia 65, maafisa ugani wakapata 40 hadi 58, wakulima 18 hadi 31. Ukipima majani sita kwa mmea badala ya moja, ikapanda hadi 74–88. Kwa hiyo majani sita, usipige moja ukaondoka. Lakini inasoma majani, na shida ya Fukua iko kwenye mizizi. Kuna aina yenye majani safi na mizizi mibovu, kuna yenye majani mabaya na mizizi mizima. Hakuna kamera inayoona ndani ya udongo.

Niseme pia kuhusu takwimu za utafiti, maana dai la #1 linazigusa. Mizizi hupewa alama 1 hadi 5. Moja ni safi. Mbili, baka halifiki asilimia 5 ya eneo lililokatwa. Tatu, 5 hadi 10. Nne, 10 hadi 25 na mzizi umeanza kuminyika. Tano, zaidi ya 25 na umeminyika vibaya. Kila mzizi unakatwa kwa upana mara kadhaa, siyo mara moja, kwa sababu baka linaweza kukaa karibu na mkia na kichwa kikawa cheupe kabisa. Sasa makosa yanaanza hapa. Mtu akikata mara moja katikati, alama inashuka. Akitoa wastani wa mizizi yote, mashina mawili yenye alama 5 yanazama ndani ya manane yenye alama 1: wastani 1.8, unasomeka "karibu safi". Kwa mlaji, mashina mawili kati ya kumi yameharibika. Toa vyote viwili, wastani na idadi ya mashina yaliyoathirika. Mimi aina iliyoripotiwa kwa wastani peke yake siiamini.

#15 PCR_Usiku
#14 umegonga penyewe. Na wakati wa kufukua ukibadilika, alama zinabadilika. Miezi 9 na miezi 12 ni majaribio mawili tofauti.

#16 Kilifi_Shambani
Swali la jina bado halijajibiwa. Jina la muhogo ni kitu chepesi mno. Lori linashusha mafungu, kadi zinadondoka, anayepokea anaandika jina analolikumbuka. Watafiti wakilinganisha vinasaba vya mashambani na vya kituoni hukuta mmea mmoja una majina mengi, na jina moja lina mimea mingi. Kaleso na Namikonga ni mfano wa upande mmoja tu.

Jaribio la bure la kwanza ni macho. Ndani ya shamba moja angalia rangi ya kikonyo cha jani, rangi ya majani machanga kileleni, umbo la jani la kati, rangi ya shina likikomaa, na mzizi ukikwangua ganda la juu: chini yake ni nyeupe, waridi au njano? Ukipata makundi mawili, una aina mbili, na swali lako lote linaanza upya.

#17 Fukua_Kwanza
Majani yote yamefanana. Vikonyo, hapana. Mingi ina vikonyo vyekundu, michache kijani chenye wekundu juu tu. Sikuandika ipi ilikuwa mibovu.

#18 Kilifi_Shambani
Andika! Hilo ndilo jibu lililolala shambani kwako.

#19 Bi_Naliendele
Tahadhari: wekundu wa kikonyo unabadilika pia na jua na njaa ya udongo. Usiukate uamuzi kwa rangi peke yake.

#20 PCR_Usiku
Kwa atakayepeleka sampuli maabara. Kwa michirizi chukua jani lililokomaa la chini, na si changa la kileleni. Kwa batobato ni kinyume, la juu changa. Watu wanachukua kileleni kwa mazoea, wanapata "hakuna kirusi", wanasambaza pingili. Virusi hivi havijasambaa sawasawa ndani ya mmea, kwa hiyo chukua majani mawili au matatu ya matawi tofauti. Kausha kwa kubana katikati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku, au weka kwenye mfuko wenye chembe za silika zinazofyonza unyevu. Jani likivunda kwenye plastiki lenye jasho, RNA imekwenda.

Maabara ijue muhogo una wanga na tanini nyingi. Utoaji wa RNA kwa kemikali za CTAB asilimia 2 pamoja na PVP, joto nyuzi 65, kisha klorofomu na alkoholi ya isoamili 24 kwa 1, unaenda vizuri. Ukiona mchanganyiko unageuka kahawia, tanini zimeshinda na kipimo kitakupa jibu la uongo la "hakuna". Weka kipimo cha jeni la muhogo wenyewe sambamba: hilo lisipoonekana, jibu la kirusi ni batili.

#21 Makopa_Makavu
Samahani kwa kutoka nje kidogo. Mizizi yenye mabaka kidogo watu wanakata sehemu mbaya na kufanya makopa. Ina sumu zaidi?

#22 Takwimu_na_Kisu
Baka na sianidi, yaani sumu ya muhogo, ni mambo mawili. Sianidi inatokana na kemikali ya linamarini, ambayo muhogo wa aina yoyote unayo, mchungu ukiwa na nyingi zaidi, na ukame huiongeza. Mzizi wenye baka unapoteza wanga na unabadilisha ladha. Usidhani kukata sehemu ya kahawia kumeondoa sianidi.

Kwa unga, kiwango cha kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Ukiwa na wasiwasi kuna njia ya Howard Bradbury: weka unga kwenye chombo, weka alama usawa wake, ongeza maji ukikoroga mpaka unga uliolowa urudi kwenye alama ileile, tandaza juu ya mkeka usizidi unene wa sentimita moja, acha jua saa mbili au kivulini saa tano. Gesi inatoka. Pika siku hiyohiyo. Unene ukizidi, gesi inabaki ndani, na hapo ndipo watu wanakosea. Magonjwa ya konzo, watoto na kina mama kupooza miguu, yalitokea Nampula, Msumbiji, 1981, na Tanzania kule Mara na Mtwara, pale chakula kilipokuwa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka na kitoweo hakuna.

#23 Makopa_Makavu
Shukrani. Rudini kwenye mbegu.

#24 Mzee_wa_Amani
Turudi. Kuna la matumaini. Kwenye familia ya chotara wa Namikonga na Albert, iliyopandwa vituo vya utafiti vya Naliendele na Chambezi, maeneo ya vinasaba yanayohusiana na mizizi kutooza yalipatikana kwenye kromosomu ya 2, 11 na 18. Si jeni moja, ni kadhaa, kila moja ikisukuma kidogo. Linganisha na batobato: ukinzani uitwao CMD2 unakaa kromosomu ya 12, na 2022 ukafuatiliwa hadi kwenye badiliko la herufi moja katika jeni la kunakili DNA. Kimoja ni kufuli lenye ufunguo mmoja, kingine ni mlango wa komeo nyingi. Ndiyo maana michirizi inachukua muda.

Na maabara ya DSMZ, Braunschweig, Ujerumani, 2019 walipima mihogo ya Amerika Kusini wakakuta michache ambayo virusi havikuonekana kabisa, hata ilipounganishwa na kipande cha mmea mgonjwa. DSC 167 ni mmojawapo. Kwa maneno ya #2, hiyo inakaribia kinga, si uvumilivu. Tatizo: mihogo hiyo inatoka kusikokuwa na batobato letu, kwa hiyo ikija hapa inaliwa na batobato kwanza. Lazima ichanganywe na yenye CMD2.

#25 Mbegu_Msingi
Na kuchanganya muhogo si kazi ya wiki. Ua jike hufunguka wiki moja au mbili kabla ya dume kwenye tawi lilelile. Unalifunika kwa kifuko jioni kabla halijafunguka, unapaka chavua mchana wake, unafunika tena. Tunda moja mbegu tatu tu, na likikauka linapasuka na kuzirusha, usipolifunga kifuko unaokota majani. Aina nyingine hazitoi maua kabisa tambarare. Kisha miche, kitalu cha mstari mmoja, jaribio la awali, la mbele, la maeneo mengi. Miaka minane hadi kumi.

#26 Takwimu_na_Kisu
Uteuzi kwa vinasaba umekuja kukata sehemu ya hapo. Mradi wa NextGen Cassava, tangu 2012, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na vituo kama Namulonge Uganda na Umudike Nigeria: unapima kundi la mimea ya kuifundisha kompyuta, shambani na kwenye vinasaba, kisha mche wa wiki chache unakadiriwa kwa jani tu, bila kusubiri mwaka. Makadirio hayo yanategemea alama za kisu za #14. Alama zikiwa mbovu, kompyuta inajifunza ubovu. Lebo ikibadilishana kati ya vitalu viwili, makosa yanaingia mara mbili: kwa aliyepewa jina na kwa aliyenyang'anywa. Lebo ya msimbopau kwenye kila shina, siyo kwenye kigingi cha mwanzo wa mstari. Kigingi kinang'olewa na mbuzi.

#27 PCR_Usiku
Huko Kenya, Juni 2021, mamlaka ya usalama wa kibayolojia iliruhusu muhogo uliobadilishwa vinasaba, uitwao 4046, uingie majaribio ya kitaifa. Unazuia virusi vyote viwili kwa kunyamazisha RNA yao. Ningependa kuona alama zake za mizizi miezi 12 na 18.

#28 Fukua_Kwanza
Nimepata pingili za msingi za aina ileile zenye cheti. Mpango: mistari miwili ya pingili safi, miwili ya pingili za shamba, na mstari wa Albert kati yao wa kueneza ugonjwa. Mara nne, kwa mpangilio wa kubahatisha. Pingili za shamba nitazitenga kwa rangi ya kikonyo na kuziwekea utepe.

#29 Inzi_Mweupe
Albert katikati itazijaza inzi pingili safi pia. Hutajua kama zimeoza kwa pingili au kwa Albert. Panda kitalu cha pili bila Albert, mbali na muhogo wowote.

#30 Bi_Naliendele
Bila Albert, zikibaki safi utasema ni kinzani wakati hazijajaribiwa. Albert ibaki.

#31 Takwimu_na_Kisu
Vyote viwili vinahitajika, na msimu mmoja hautoshi.

#32 Fukua_Kwanza
Naweka vitalu viwili. Kwa kile cha pili nahitaji mahali Mkuranga au Kisarawe pasipo na muhogo pande zote. Mwenye eneo anitumie ujumbe kabla ya mvua za vuli. Na wenye vikonyo vyekundu, leteni picha za mizizi iliyokatwa, mikato mitano kila mzizi.

#33 Kilifi_Shambani
Picha za Kaleso zitakuja. Ukiona kikonyo kwenye picha, usisahau alivyosema #19.